Yowe la Bondeni

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua tangu alfajiri, na bado inanyesha. Mjomba Shamsudin amekuja na koti lake la mvua la jeshi, na Mama amefurahi mpaka ameunguza wali. Mjomba ni sajenti, muuguzi katika hospitali ya jeshi huko Dar es Salaam. Hana maneno mengi. Alipomaliza chai akanigeukia.

“Shufaa, vyeti vyako umevifungia sandukuni kama sanda. Mwisho wa Juni kuna usaili wa JKT pale Bagamoyo. Nenda. Ukimaliza mafunzo, jeshi likikuchukua, wenye sayansi kama wewe huweza kupelekwa kusomea uuguzi. Sikuahidi. Mimi ndivyo nilivyopita.”

“Mtoto wa kike akashike bunduki?” Baba akauliza.

“Atashika sindano, shemeji. Bunduki ataanza nayo tu.”

Baba akacheka, lakini kicheko cha kumsindikiza mgeni mlangoni.

Nimeambiwa nifikiri. Haya, nafikiri. Watu wakiniona nimenuna watadhani naogopa kupigwa huko. Siogopi kupigwa. Mimi nina mkono mwepesi. Darasa la sita nilimng'oa Mikdad jino kwa embe bichi, na kaka Bilali, aliyenifundisha kombeo, sasa hathubutu kushindana nami. Kinachonitisha ni kwamba nikirusha nikapata, roho yangu husuuzika. Mtu wa namna hiyo jeshini atakuwa nani? Na kitandani kwa mgonjwa atakuwa nani?

Jumanne, 15 Aprili

Mvua. Kuni mbichi. Nimegombana na Mama kwa sababu ya moshi, kana kwamba nimeuzaa mimi.

Jumatano, 23 Aprili

Nilikuwa zahanati. Pale mimi ni wa kujitolea: nafagia, nachemsha vyombo, nashika taa Nesi Mwajabu akishona. Leo wameletwa wawili kwa pikipiki moja, mkulima kapasuliwa kichwa kwa fimbo na mfugaji kakatwa paja. Ng'ombe waliingia kwenye mahindi. Benchi letu ni moja, tukawaweka pamoja, na wallahi wakaendelea kupigana wakiwa wamekaa. Damu ikaruka mpaka kwenye bango la chanjo. Nesi Mwajabu akawazaba vibao, kila mtu chake, kisha akawashona.

“Mkono au mguu ukivuja damu,” akaniambia huku anafunga, “bonyeza, uinue juu, na usichungulie. Wengi wanakufa kwa sababu ya kuchunguliwa.”

Nikamweleza habari ya Mjomba. Akafyonza.

“Jeshini kuna nini ambacho hapa hakipo? Majeraha? Shika hilo beseni.”

Ijumaa, 2 Mei

Bonde limejaa. Jaruba letu la chini limezama lote. Baba aliingia mpaka kiunoni akawa anapapasa mpunga chini ya maji. La juu limesalimika.

Baada ya sala ya Ijumaa kukawa na mkutano wa kitongoji. Limepita azimio kwamba asionekane mtu anaruhusu ng'ombe kwenye shamba lake, hata kama ni mabua, maana wakishaonja kwako watahamia kwa jirani. Na yowe likipigwa, kila mwenye miguu atoke na panga. Atakayebaki ndani atatoa mbuzi. Anayefika haulizi kisa, anaingia kazini. Kaka Bilali amechaguliwa kiongozi wa vijana, akapigiwa makofi, na mimi nilipiga mpaka viganja vikawasha. Baba alikaa amekunja mikono. Nilidhani anawaza mpunga wake.

Jumapili, 11 Mei

Hakuna jipya. Kuku wana utitiri, na sasa na sisi tunao.

Jumapili, 18 Mei

Bilali amerudi na damu kwenye shati, na si yake. Walimkuta mfugaji mmoja kijitoni ananywesha, wakampiga mpaka akalala kwenye maji, wakamgeuza asizame, wakampiga tena. Alikuwa anasimulia anacheka, anatuigizia yule mtu alivyokuwa akiomba. Nami nilicheka. Naandika hapa ili kesho nisije nikajidanganya kwamba sikucheka.

Sasa kila jioni ananoa panga kwenye jiwe la kisimani. Mama amemwambia, “Utalimaliza kwa kulinoa, mwanangu, ukija kulihitaji umebaki na mpini.”

Jumatano, 28 Mei

Mjomba amepiga simu. “Umeamua?” Bado. “Bado si jibu, Shufaa.” Nikamuuliza kama ni kweli muuguzi wa jeshi hufundishwa kuua kwanza. Akasema ndiyo, hivyo hivyo tu, kisha akaniaga, zamu yake ilikuwa inaanza.

Jumamosi, 7 Juni

Idd el Haji. Tumekula nyama mpaka tumechoka. Bilali kaninunulia kanga nyekundu, akanifunika nayo kichwani kwa nyuma, nikamkimbiza uwanja mzima. Ninampenda kaka yangu. Leo hata Baba alicheka vizuri.

Jumamosi, 14 Juni

Vidole vya mkono wa kulia vimevimba, mwandiko utakuwa mbovu.

Leo ilikuwa zamu ya Baba kupanda dungu, kile kichanja cha kulindia shamba, kuamia ndege. Jana mgongo ulimbana, nikamwonea huruma, nikaondoka alfajiri kabla hajaamka. Jua lilipochomoza ukungu ulikuwa bado umelala bondeni. Nikaona migongo ya ng'ombe ndani ya jaruba letu la chini, lile lililozama. Nyuma yao mtu mrefu, shuka jekundu, fimbo mabegani, anatembea taratibu kama aliyeko kwao. Kutembea huko taratibu ndiko kulikoniudhi. Angekuwa anakimbia labda ningemhurumia.

Sikumwita. Sikumuuliza. Niliweka jiwe kwenye kombeo, nikazungusha, nikaachia. Likampata juu ya jicho. Akaenda chini kwa magoti, ameshika uso, na mimi juu ya dungu nikafurahi kwelikweli. Ndipo nikapiga yowe.

Wakaja. Sijawahi kuliona yowe kwa juu, siku zote nilikuwa mmoja wa wanaokimbia. Walitokeza kila upande, wengine wamefunga misuli tu viunoni, mapanga yanawaka, na Bilali mbele yao wote. Yule mtu alikuwa bado amepiga magoti, anajifuta damu kwa shuka, anasema, “Nimeruhusiwa! Jamani, nimeruhusiwa!” Nilimsikia vizuri. Bilali naye alimsikia. Yule mtu akainua mkono kujikinga, panga la Bilali likaingia kati ya kiwiko na kiganja, na mlio wake ulikuwa ule wa kukata mgomba.

Furaha yangu yote ikakatika palepale. Sijui niliteremkaje, nadhani niliruka. Nilipofika, fimbo zilikuwa zinashuka mgongoni kwake na Bilali ameinua panga tena. Nikampiga kaka yangu ngumi ya mdomo kwa nguvu zangu zote. Jino lake likaingia kwenye kifundo cha kidole changu. Akayumba. Nikamrukia yule mtu, nikamkalia kifuani, nikavua ile kanga nyekundu, nikaufunga mkono, nikaubonyeza, nikauinua juu begani kwangu. Damu ilikuwa inanishuka kwapani, ya moto.

“Toka hapo, Shufaa! Si wewe uliyepiga yowe?”

“Ni mimi! Sasa basi!”

“Yowe halina basi,” mtu akasema, na fimbo ikanipata begani. Mwingine akanipiga teke la ubavu. Nikawaambia anayemtaka huyu anikate mimi kwanza, kisha aende mwenyewe kwa mama yangu akamweleze alichokata. Niliwatukana matusi ambayo sitayaandika, na wazee walikuwepo.

Ndipo akafika Baba, anahema, panga mkononi. Yule mtu akamwona kwa jicho moja lililobaki wazi.

“Mzee Pazi,” akasema. “Mzee, waambie.”

Wote wakamgeukia Baba. Alisimama juu ya tuta la jaruba. Alimtazama yule mtu, akatutazama sisi, akautazama mkono nilioushika.

“Mimi simjui mtu huyu,” akasema.

Wangemmaliza, nina hakika. Kilichomwokoa ni pikipiki ya mwenyekiti wa kitongoji, aliyekuja na Nesi Mwajabu nyuma yake. Nesi alipita katikati ya mapanga kama anapita kwenye kamba za nguo. Alitazama kanga, hakuifungua. “Umebonyeza vizuri. Usiachie.” Tukapakizwa kwenye pikipiki mpaka zahanati kusubiri gari, dereva, mgonjwa, na mimi nyuma nimeuinua mkono wake. Njiani akaniambia anaitwa Koinet.

“Usiuteremshe mkono, Koinet.”

“Wewe ndiye unayeushika,” akanijibu.

Kanga nimeiosha na bado maji yanatoka mekundu.

Jumapili, 15 Juni

Bilali kaondoka kwenda Ubena kwa baba mdogo. Mama alimfungia mihogo ya kuchemsha. Mdomo wake umevimba. Hakuniaga.

Jumatatu, 16 Juni

Polisi wamekuja. Kitongoji kizima hakuna aliyeona. Mmoja alikuwa msikitini, mwingine alikuwa chooni, wa tatu ana mtoto wa jicho. Baba alisema alifika mambo yameshakwisha. Askari akanigeukia mimi.

“Na wewe binti, uliyemfunga mkono? Nani alimkata?”

“Kulikuwa na ukungu,” nikasema.

Ukungu ulikuwepo, lakini nilisema uongo.

Jioni nilikuwa natwanga na Mama. Akaacha mchi katikati.

“Ulipokuwa Bagamoyo kwa shangazi yako kabla ya mvua, jaruba la juu unadhani lililimwa na nani?”

“Na Baba.”

“Kwa mgongo ule? Walilima maksai wa Koinet. Baba yako hakuwa na cha kumpa. Mpunga wa chini ulipozama akamwambia alete ng'ombe wale mabaki, siku ya zamu yake, mapema, watu wasione.”

“Na mbona hakusema?”

“Aseme wapi? Kwenye mkutano ule? Huyo kiongozi wa vijana ni nani, si mwanawe?” Akashika mchi tena. “Ungemwamsha tu, Shufaa. Ungemwambia unakwenda.”

Kwa hiyo huruma yangu ndiyo iliyomkata mtu mkono. Hapana, huo ni ujanja. Ni jiwe langu, yowe langu, panga la Bilali na mdomo wa Baba. Leo namchukia Baba. Nimeliandika na silifuti.

Ijumaa, 20 Juni

Nimekwenda Bagamoyo hospitali ya wilaya. Koinet yuko wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani. Jicho limefunguka. Vidole viwili vya mwisho havisogei, daktari anasema havitasogea.

“Polisi wameniuliza nani alinikata,” akasema. “Nimewaambia damu ilinijaa jichoni, sikuona.”

“Jiwe lilikuwa langu.”

“Najua. Unalenga vizuri.” Akageuza uso dirishani. “Ng'ombe wangu wako wapi?”

Sikujua. Nilikaa siku sita nikijihurumia na sikuwahi kuuliza ng'ombe wako wapi. Nikamwahidi nitawatafuta. Kisha nikatoka, nikaenda moja kwa moja kituo cha polisi, nikasema: Bilali mwana wa Pazi, yuko Ubena kwa baba yake mdogo. Nikaomba maji, askari akanipa kwenye kikombe chake.

Nyumbani nilimwambia Mama mwenyewe, nisije nikasemewa. Aliweka sahani chini, akaingia chumbani. Tangu hapo hajanisemesha.

Jumapili, 22 Juni

Ng'ombe wa Koinet walichukuliwa na ndugu zake siku ileile, wote wapo. Kuna habari kwamba ndugu hao wanangoja tuvune, waje.

Nimempigia Mjomba simu, nikamweleza yote, jiwe, furaha, ngumi, polisi. “Basi mimi sifai,” nikasema. “Nina mkono mbaya.”

Nikasikia Mjomba anafunga mlango wa huko aliko.

“Siku yetu ya kwanza ya shabaha,” akasema, “amri ilitoka ya kuacha, kuruti mmoja akapiga risasi nyingine. Alisikia utamu. Mwaka mzima jina lake lilikuwa Utamu, na adhabu zake sisemi. Hakurudia. Shufaa, kupiga unafundishwa haraka. Muda wote uliobaki unafundishwa kuacha. Mtu akisema acha, unaacha, hata kama adui amekutukania mama.”

“Na wakiniamuru nimpige nisiyetaka kumpiga?”

“Hilo utalijibu mwenyewe siku hiyo. Mimi sijaulizwa bado, namshukuru Mungu.”

Angalau hakunidanganya. Niliwaza kutwa nzima: siku ile bondeni tulikuwa watu wengi, na hakuna hata mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kusema acha.

Jumatano, 25 Juni

Polisi wamekwenda Ubena, Bilali amewatoroka kwa mlango wa nyuma. Mimi sipandi tena dungu. Baba anaamia mwenyewe, na mgongo wake.

Alhamisi, 26 Juni

Yowe, kabla jua halijachomoza. Nilijua sauti, ilikuwa ya Baba. Wanaume wakatoka mbio wakisema ndugu zake Koinet wamekuja. Nilichukua kanga zote zilizokuwa kwenye kamba, nikakimbia nami.

Mpunga ulikuwa umelazwa kama pamepita nguruwe. Katikati yake kundi la watu, mikono inapanda na kushuka, na chini yao mtu anapiga kelele, “Ni mimi! Ni mimi!” Hakuna aliyesikiliza. Anayefika haulizi. Lakini mimi sauti ile nimeisikia tangu nizaliwe.

Nikapanda tuta, nikajaza kifua, nikatoa sauti iliyotoka sijui wapi: “Acha!”

Sikusema jamani, sikusema tafadhali. Mmoja akasita, panga juu. Nikarudia. Wa pili akageuka. Kisha wakaacha wote, wanatazamana, kama waliomwagiwa maji usingizini. Nikapita katikati yao.

Bilali alikuwa amekatwa nyama ya mguu mpaka mfupa unaonekana, na bega limefunguka. Alipita porini kutoka Ubena kuwakwepa polisi, akaingilia mpungani asionekane barabarani. Baba aliona kivuli tu. Alipofika na kuona ni nani aliyempigia yowe, alikaa kwenye matope na panga lake, akalia kwa sauti kama mtoto aliyepotea sokoni. Nilimwonea huruma, na hasira ilikuwepo palepale, haikuondoka.

Nilifunga mguu, nikaupandisha kwenye bega langu.

“Nilikuja kukupiga wewe,” Bilali akaniambia, meno yanagongana.

“Utanipiga ukipona. Nyanyua mguu.”

Mama alikuja akashika bega, akabonyeza pale nilipomwonyesha, hakuchungulia. “Hivi?” akaniuliza. Ndilo neno la kwanza alilonisemesha tangu Ijumaa.

Nani alimkata Bilali? Safari hii kweli sikuona.

Jumatatu, 30 Juni

Bagamoyo. Foleni ya usaili ni ndefu, nimekaa ukutani, naandika. Binti aliye mbele yangu ameniuliza kwa nini nataka uuguzi wa jeshi na vyuo vya kiraia vipo. Nimemwambia ada, na ni kweli. La pili sikumwambia. Nataka nifundishwe kushona, na nataka nifundishwe kuacha, vyote viwili, maana nimejiona bondeni na najua nisipofundishwa nitakuwa nani. Huenda wasinichukue. Wakiniuliza kovu la kidole nitawaambia ni jino la kaka yangu.

Asubuhi nilipitia hospitali na Baba. Bilali kalazwa wodi ile ile, maana ya wanaume ni moja, na vitanda vyao vinatazamana, yeye na Koinet. Mkono wa Bilali una pingu kwenye chuma cha kitanda, askari amekaa miguuni pake na gazeti. Hawapigani. Wanatazama dari.

Baba alisimama katikati, kikapu cha uji na ndizi mkononi, hajui aelekee wapi. Muuguzi wa zamu akapita na sinia ya dawa, akatuona tumeziba njia.

“Shikamoo, mzee. Mgonjwa wako ni yupi?”

Baba hakuitikia shikamoo. Nikajua nikimwona anaonyesha kitanda kimoja na kusema “huyu”, sitarudi tena nyumbani kwake.

“Wote wawili,” akasema. “Huyu mwanangu. Na huyu namjua, ni mgeni wangu. Mimi ndiye niliyemwambia aingize ng'ombe shambani kwangu.”

Askari akakunja gazeti. “Sema tena, mzee.”

Baba akaweka kikapu chini, akasema tena, wodi nzima ikamsikia.